Kifaa kisirudi na anwani mpya kila umeme unaporudi

Ndugu Mhariri,

Umeme ukikatika na kurudi hapa Tanga, malalamiko ni yaleyale: kamera ya dukani haionekani kwenye skrini, mashine ya alama za vidole haitumi mahudhurio, printa ya ofisini imepotea. Lawama hutupiwa kampuni ya intaneti, na mara nyingi haihusiki kabisa. Kifaa kimewaka na anwani nyingine ya MAC, yaani namba inayokitambulisha kwenye mtandao, kwa hiyo mtandao unakiona mgeni.

Anwani hiyo ina baiti 6 na ilitakiwa idumu maisha yote ya kifaa. Kwenye kompyuta ya kawaida imo ndani ya kadi ya mtandao. Kwenye bodi ndogo za Linux, chipu ya mtandao mara nyingi haina pa kuihifadhi. U-Boot, programu inayoiamsha bodi, ndiyo huisoma ilikowekwa na kuikabidhi kwa keneli, yaani kiini cha Linux. Ikikosekana, keneli haigomi. Inabuni yoyote na kuendelea, bila taa nyekundu wala mlio, na mwenye duka hana habari mpaka atakapoitafuta picha ya usiku asiipate.

Chukua ruta ya OpenWrt (mfumo huria wa ruta) iliyoachwa na mipangilio yake ya mwanzo: inagawa anwani 150 za IP, zile ambazo kifaa huazimwa ili kiwasiliane, kila moja kwa saa 12. Tuseme ruta iko kwenye betri lakini vifaa 30 vyenye tatizo hili haviko. Umeme ukirukaruka mara 5 ndani ya saa hizo, vifaa hivyo vitakuwa vimeomba IP 180: 30 za mwanzo na 150 za kuwaka upya. Vya mwisho vitakosa, ingawa jengo zima lina vifaa 30 tu. Na ile IP uliyokifungia kifaa kwa MAC yake, ndiyo basi tena.

Kupima hakuchukui muda. Ndani ya kifaa chenyewe andika `cat /sys/class/net/eth0/address`, kisha `cat /sys/class/net/eth0/addr_assign_type`. Jibu la pili likiwa 0, anwani ni ya kudumu; likiwa 1, imebuniwa; likiwa 3, kuna programu iliyoiweka baadaye. Herufi ya pili ya anwani ikiwa 2, 6, A au E, haikutoka kwenye fungu ambalo IEEE, shirika linalogawa anwani hizi, humpa mtengenezaji, ila usihukumu kwa hilo pekee: anwani za bodi nyingi zenye chipu ya Allwinner huanza na 02 kwa sababu U-Boot huikokotoa kutoka namba ya chipu yenyewe, nayo haibadiliki. Kwa hiyo chomoa waya wa umeme, washa upya, linganisha. Amri ya `reboot` haitoshi, maana baadhi ya chipu hubaki na anwani kwenye rejista zake madamu umeme haujakatika.

Tiba inaanzia U-Boot. Unganisha bodi na kompyuta kwa waya wa siriali wa volti 3.3 (wa volti 5 unaweza kuua bodi), kasi kwa kawaida 115200, simamisha U-Boot kabla haijaita keneli, kisha `printenv ethaddr`. Ikiwa tupu, weka `setenv ethaddr` na anwani yako, halafu `saveenv`. Ukiisahau hiyo ya mwisho hujafanya kitu. Kwa tundu la pili la mtandao, jina ni `eth1addr`. Soma mara mbili kabla ya kubonyeza, kwa sababu U-Boot nyingi hukataa kuibadilisha `ethaddr` ikishawekwa. Baiti ya kwanza isiwe witiri: hizo ni za kutangazia kundi zima, keneli huikataa na kubuni yake, na hapo ndipo fundi husema “nimeweka lakini haishiki.”

Hata ukiiweka sawasawa, huenda isifike. U-Boot huipachika anwani ndani ya DTB, faili linaloieleza keneli bodi ina vifaa gani, kwa kufuata jina `ethernet0` kwenye sehemu ya `aliases`. Jina hilo lisipokuwepo, U-Boot itatumia anwani sahihi na Linux itabuni nyingine. Majina ya matundu mawili yakipishana, anwani nazo zitapishana. Anayetumia `fw_setenv`, amri ya kubadilisha mipangilio ya U-Boot kutoka ndani ya Linux, aanze na `fw_printenv` inayoisoma tu. Akiona onyo la `Bad CRC`, asiandike chochote: aidha hakuna kilichowahi kuhifadhiwa, au `/etc/fw_env.config` inaelekeza pasipo, na akiandika anaweza kuharibu sehemu nyingine ya flashi, yaani memori ya kudumu ya kifaa.

Wapo wanaotia amri ya `ip link set` ya kubadilisha anwani kwenye `rc.local`, faili la amri za wakati wa kuwaka, wakaona wamemaliza. Hicho ni kiraka. Kifaa kinaweza kuwa kimeshaomba IP kwa anwani ya kubuni, na kiraka chenyewe hufutika siku mfumo unapoflashiwa upya.

Kibaya zaidi ni anwani moja kwa vifaa vingi. Fundi huandaa bodi moja, akainakili memori kadi yake nzima, pamoja na `ethaddr` iliyohifadhiwa humo, akaimwaga kwenye bodi 20. Zikikutana kwenye swichi moja, swichi haijui iipeleke pakiti tundu gani. Mawasiliano yanakuja na kupotea, na watu wanabadilisha nyaya bure.

Kwa ruta, kabla ya kuandika flashi nzima kwa programa (kifaa cha kuandikia chipu), angalia `cat /proc/mtd` na utafute sehemu iitwayo `art` au `factory`. Inakili, uitoe kwenye ruta, maana `/tmp` iko kwenye RAM na umeme ukikatika nakala imekwenda. Humo mna anwani na pia vipimo vya redio ya Wi-Fi vya ruta hiyohiyo. Ukiazima ya ruta nyingine unapata pacha wa anwani na Wi-Fi dhaifu.

Wanaochora bodi zao wenyewe tunawashauri chipu ya EEPROM (memori ndogo ya kudumu) kama 24AA02E48, ambayo hutoka kiwandani na anwani halali kwenye baiti za FA hadi FF, sehemu isiyoandikika. Fyuzi za ndani ya chipu kuu, zinazoandikwa mara moja tu, nazo zinafaa, ila tarakimu moja ukiikosea haifutiki.

Ofisi na shule zinazoagiza vifaa hivi ziweke sharti kwenye mkataba: siku ya makabidhiano kila kifaa kichomolewe umeme mara tatu mbele ya mnunuzi, na kila kikiwaka anwani iwe ileile iliyo kwenye stika yake. Kisicholingana kirudi na aliyekileta.

Mafundi mitandao,
Ngamiani, Tanga