Barua ya wazi kwa Waziri wa Magereza: usisaini kwanza

Mheshimiwa Waziri,

Kabla hujaikabidhi kampuni funguo za magereza yetu, naomba ufungue mkataba kwenye vipengele vya malipo. Kamera na majengo mapya utaviangalia baadaye.

Mkandarasi wa gereza kwa kawaida hulipwa kwa kichwa, kwa siku. Mikataba mingine huibana serikali ihakikishe vitanda vimejaa. Visipojaa, inalipia hata kitanda kitupu. Sasa faida itatoka wapi kama si kwa askari? Watapunguzwa, watalipwa kiduchu, wazoefu wataondoka, na lindo la usiku ataachiwa mgeni wa kazi.

Yalitokea karibu na Kingman, jimbo la Arizona, Marekani. Tarehe 30 Julai 2010 wafungwa watatu wa gereza la kampuni, wawili wao wauaji, walikata uzio wakatoweka. King'ora cha uzio kilikuwa kimelia ovyo kwa muda mrefu hata askari wakakizoea, kama unavyomzoea mbwa wa jirani anayebweka usiku kucha. Siku chache baadaye mume na mke waliokuwa safarini waliuawa jimbo la New Mexico mikononi mwa baadhi ya watoro hao. Jimbo likahamisha wafungwa ili gereza lirekebishwe. Kampuni ikadai hasara, maana mkataba uliidhamini asilimia 97 ya vitanda, ikalipwa takriban dola milioni 3. Watu wamekufa, na anayefidiwa ni mwendesha gereza!

Jimbo la Idaho nako, huko huko Marekani, mwaka 2013, kampuni nyingine ilikiri kughushi saa zipatazo 4,800 za zamu. Wafanyakazi hewa tunawajua, lakini askari hewa kwenye lango la gereza ni balaa jingine.

Sisemi magereza ya serikali ni salama. Msongamano upo, rushwa ipo. Ila huko, mambo yakiharibika, tunakuita wewe bungeni ujieleze. Kampuni itatuambia hizo ni siri za biashara.

Ukiona lazima usaini, basi futa dhamana ya vitanda. Andika idadi ya askari kwa kila zamu, na mkaguzi wako aruhusiwe kuingia usiku bila kubisha hodi. Mfungwa akitoroka, kampuni ilipe. Halafu utubandikie mkataba wote hadharani, kwa sababu watakaokutana na mtoro njiani ni sisi.

Wako,
Mlipa kodi