Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam: kabla ya kuhesabu ghorofa, fungueni chemba

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA UJENZI WA JENGO LA MAKAZI LA GHOROFA 14, UPANGA MAGHARIBI

Habari za kazi. Maombi haya bado yanapitiwa na wataalamu wako, ndiyo maana naandika sasa, kabla zege halijamwagwa. Namba ya kiwanja siitaji. Ofisi yako inayo. Zinaombwa fleti 56 mahali ambapo palikuwa na nyumba moja, bustani na mwembe.

Niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya: sipingi maghorofa Upanga. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wetu na watu 4,364,541. Ya 2022 ikakuta 5,383,728. Hao milioni moja walioongezeka, wengi wao wamesukumwa pembezoni, Chanika, Mbagala, Kibamba na Bunju, nao huamka kabla ya adhana kugombea daladala ili wafike kazini hapa hapa mjini. Muuguzi wa Muhimbili akipata pa kuishi ambapo anaweza kutembea kwa miguu hadi wodini, hilo ni jambo la heri. (Kama kodi itamruhusu, maana michoro haisemi bei.)

Wapo majirani zangu wanaolalamika kwamba wageni watashusha hadhi ya Upanga. Hoja hiyo mimi siitii saini. Enzi za ukoloni hapa palikuwa hasa makazi ya wenye asili ya Asia. Mwaka 1971 nyumba nyingi zikataifishwa, zikawa chini ya Msajili wa Majumba, baadaye Shirika la Nyumba la Taifa. Wengi wanaolalamika leo waliingia kwa mlango huo, au wazazi wao.

Kinachonisumbua kiko chini ya ardhi. Tupige hesabu ya dukani tu. Fleti 56, tuseme watu wanne kila moja, ni watu 224. Kila mmoja akitumia lita 100 za maji kwa siku, zinakuwa lita 22,400, na tukikadiria kwamba asilimia 80 yake inashuka kupitia vyooni, jikoni na bafuni, ni karibu lita 18,000 za majitaka kila siku ya Mungu. Boza la lita 10,000 lije mara mbili. Nyumba iliyokuwa hapo, yenye watu wanane kwa hesabu hiyo hiyo, ilitoa lita 640. Bomba linalopita mbele ya kiwanja ni lile lile.

Na bomba lenyewe unalijua. Mtandao wa majitaka wa katikati ya mji ni wa zamani, sehemu yake ilifukiwa kabla ya Uhuru, na mwisho wa safari yake ni baharini, upande wa Barabara ya Barack Obama, ile ya zamani ya Ocean Road. Waliouchora siwalaumu, walichora kwa ajili ya nyumba za familia moja au mbili, zenye ua mpana wa kunyonya maji ya mvua. Sasa masika yakikolea, chemba zinafumuka, mifuniko inaelea pembeni, watu wanapanga matofali barabarani ili wavuke, na mama lishe anahamisha jiko lake mara mbili kwa siku. Watoto wa shule wanavua viatu. Hayo ni kabla ya fleti 56.

Atakayekuja kujitetea atasema, na atasema kweli, kwamba jengo lake moja haliwezi kuuzamisha mtaa. Hapo ndipo ninapokuomba usimame kidogo. Kila mradi huja na faili lake. Tathmini ya athari kwa mazingira inayotakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 huandaliwa na mwenye mradi, kwa mradi wake. Jirani yake naye ataleta ya kwake mwakani, nayo itakuwa safi vilevile. Nani anayejumlisha? Mwekezaji siyo kazi yake. Sisi wakazi hatuna mafaili. Anayeweza kuyaweka yote juu ya meza moja ni wewe.

Kwa hiyo ombi langu kubwa ni hilo: kabla Kamati ya Mipango Miji haijapitisha maombi haya, itolewe hesabu ya mtaa mzima. Majengo yaliyokwisha kamilika, yanayojengwa, na yaliyoombewa kibali. Jumla ya fleti zake. Na barua ya DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka, inayosema kwa tarakimu bomba linabeba kiasi gani na limebakiza kiasi gani. Ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata, kwa Kiswahili.

Maji ya mvua nayo yahesabiwe. Upanga Magharibi inateremkia Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa bonde la Msimbazi, ili tuache kufunga Barabara ya Morogoro kila mto unapotapika. Kiwanja kilichosakafiwa mpaka ukutani kinapeleka maji yake kule kule tunakokopa fedha kuyaondoa.

Kuhusu uimara wa jengo sitakuwa na maneno mengi. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 liliporomoka Mtaa wa Indira Gandhi, wakafa watu 36. Novemba 2024 ikawa Kariakoo. Bango la ujenzi liandikwe idadi ya ghorofa zilizoidhinishwa, kwa herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Kuhesabu ghorofa sisi majirani tunajua.

Lipo na hili ambalo husahaulika: mwekezaji akishauza fleti ya mwisho anaondoka zake, na karo la majitaka, pampu na jenereta vinabaki kwa wanunuzi. Sheria ya mwaka 2008 inayotoa hati za sehemu ya jengo inataka wamiliki wawe na chama chao. Basi jengo lisikabidhiwe mpaka chama hicho kiwepo na kijue kinarithi mitambo gani.

Kikao na wakazi kifanyike ofisi ya Serikali ya Mtaa siku ya Jumamosi, siyo Jumanne saa nne asubuhi watu wakiwa kazini. Mhandisi aje na mchoro wa mabomba. Ile picha ya kompyuta yenye mitende na bwawa la kuogelea tumeshaiona getini.

Bomba likionekana halitoshi, kibali kiwe na sharti la maandishi: mwenye mradi alipie kulipanua au ajenge mtambo wake wa kusafisha majitaka, na kazi hiyo ikaguliwe kabla mpangaji wa kwanza hajaingiza kitanda. Ghorofa zikibaki 14 baada ya hapo, mimi sina pingamizi.

Nakala ya barua hii nimempelekea Diwani na Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Upanga Magharibi