Jua Lililolala Ziwani

Dunga, Kisumu
20 Novemba 2025

Mpendwa Chebet,

Salamu nyingi kutoka huku Ziwa Viktoria. Natumaini hapo Nakuru hamjambo, na mama amepata nafuu ya mguu. Sisi tu wazima, ila sijalala.

Usiku wa kuamkia leo, kama saa tisa, nilitoka uani nikakuta anga la magharibi linawaka. Si umeme ule wa kwenu Kericho, unaopiga alasiri kisha mvua ya mawe ikamwagikia michai. Huu haukutulia. Wingu moja liliwaka kwa ndani kama karabai nyuma ya pazia, jingine likaitikia, kisha uzi mweupe ukashuka hadi majini. Na kimya, Chebet! Ulikuwa mbali mno, ngurumo haikutufikia. Huku mbele, gizani, zilitandaa taa za wavuvi wa omena, na mojawapo ilikuwa ya mdogo wangu Ochieng'.

Unakumbuka Jumapili ile, 3 Novemba 2013, jua lilipopatwa jioni? Kule Turkana lilifunikwa lote kwa sekunde chache. Sisi tuliona mwanga uliopenya majani ya mwembe ukichora hilali ndogo ndogo kwenye ukuta wa jikoni. Ulilia. Nami nikasema sitaona tena ajabu kama ile. Kumbe ajabu ilikuwa hapa mlangoni kila msimu wa mvua, nami nikilala.

Tena ni jua lilelile. Mchana kutwa ziwa hulinywa, na ziwa lenyewe ni karibu kilomita mraba 68,800. Usiku nchi kavu hupoa upesi, maji yakabaki na joto. Basi upepo hutoka kandokando zote kwenda ziwani, ukakutana katikati, na ile hewa ya joto yenye mvuke haina pa kwenda ila juu. Huko mawinguni chembe za barafu hugongana na kusuguana hadi umeme ukazaliwa. Unapopita, hewa hupata joto la nyuzi 30,000 hivi, mara tano ya uso wa jua! Hata taa za wavuvi ni jua waliloanika mchana kwenye paneli za sola.

Baadaye ngurumo ikaanza kusikika, nikawa nahesabu tangu umeme umulike: kila sekunde tatu ni kilomita moja. Sekunde 30. Kisha 24. Kisha 15. Taa zikaanza kusogea ufukweni, moja moja. Nilisimama pale kanga imelowa, sijui kama nilikuwa naomba au natazama tu. Vyote viwili, nadhani.

Ochieng' aliingia alfajiri, karai likiwa nusu, akaomba chai. Sasa amelala hapa kwenye kochi, mabuti miguuni.

Njoo Aprili, mvua za masika zikikolea. Nitakuamsha saa tisa.

Rafiki yako,
Atieno