Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Watunza Bustani na Wenye Vitalu, Malindi

Wazee wetu, kina mama, ndugu zangu na vijana, asalaam aleikum, hamjambo nyote.

Nawashukuru mliofika. Nawashukuru kwa dhati kwa sababu mko wachache, na jambo hilo nitalirudia mbele.

Kazi za kawaida mnazijua, sitawachosha nazo. Miarobaini ya barabarani tuliipogoa kabla ya masika. Bustani za wateja zilitunzwa, nyua za bogenvilia zikakatwa kwa wakati, minazi ikakaguliwa chonga, yule mdudu anayeitoboa, na makuti makavu yakaangushwa. Afisa wa kilimo alikuja kutufunza kutengeneza mboji na kutandaza majani shinani ili unyevu usipotee. Majembe yakatiwa mipini mipya. Hayo yote yalikwenda vizuri.

Sasa suala la kitalu. Najua ndilo lililowaleta wengi wenu hapa leo, na ndilo lililowazuia wengine kuja.

Mwezi wa Aprili kamati iliamua kukihamisha kitalu chetu kutoka kando ya bahari hadi upande wa Gede. Tangu siku hiyo nimesikia mengi: kwamba mwenyekiti amekipeleka karibu na kwake, kwamba nauli ya matatu inawamaliza, kwamba hatukupiga kura. Nayajibu yote hapa, mbele ya kila mtu.

Tuanze na kisima cha kitalu cha zamani. Kisima kile kilitufaa miaka mingi tulipokuwa tukiteka kwa ndoo. Chini ya ardhi yetu ya matumbawe, maji matamu huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi. Ukiteka kidogo, mvua hurudisha. Ukifunga pampu ukavuta mchana kutwa, na majirani nao wakavuta kwa ajili ya bustani na mabwawa yao ya kuogelea, maji matamu hushuka na ya chumvi hupanda kutoka chini. Kwa hesabu ya wataalamu wa maji, maji matamu yakishuka mita 1, ya chumvi yanaweza kupanda hata mita 40. Kwa hiyo walioshauri tuchimbe zaidi walikuwa wanatushauri tuifuate bahari.

Mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma na mvua hakuna, niliwaita wajumbe wa kamati waje wajionee miche ya miembe tuliyobebesha, yaani tuliyounga tawi la mti mmoja juu ya shina la mwingine, aina za ngowe na apple. Majani yalikuwa yameungua kuanzia nchani, rangi ya kahawia ikafuata kingo mpaka karibu na kikonyo, katikati pakabaki kijani. Juu ya udongo wa vifuko palikuwa na ukoko mweupe. Mjumbe mmoja aliugusa kwa kidole, akauonja, akatema. Milangilangi ilikuwa imepukutisha majani yote. Miasumini ilikataa kutoa maua, na kina mama wanaotununulia kwa ajili ya vikuba, vile vishada vya maua ya kujipambia, wakaenda kwingine. Kuna waliosema ni ugonjwa, ikapigwa dawa, pesa za chama zikaenda, na majani yakazidi kuungua. Chumvi haina dawa ya kupuliza. Huoshwa kwa maji matamu mengi, na sisi hatukuwa nayo.

Mzee mmoja aliniuliza, mbona bogenvilia zilinawiri pale pale kwa maji yale yale? Swali zuri. Bogenvilia, mkadi, mkungu na mvinje huvumilia chumvi. Kule Bamburi, Mombasa, walipoanza kupanda miti kwenye machimbo ya saruji mwaka 1971, mvinje ndio uliosimama pale ambapo miti mingi ilikufa. Kwa sababu hiyo mimi mwenyewe nilipinga kiwanja cha zamani kuachwa kabisa, na hadi leo miche ya mivinje na mikadi iko pale. Lakini mteja anayetaka mwembe hachukui mvinje.

Wengine wanasema Gede yenyewe ilihamwa kwa kukosa maji. Hiyo ni sababu mojawapo inayotajwa na wanahistoria kuhusu mji wa kale, siipingi. Sisi kule tuna maji ya mfereji, tangi, na paa la kukingia mvua.

Kuhusu kura: mkutano uliitishwa mwezi wa Machi, akidi haikutimia. Ukaitishwa wa pili, haikutimia. Miche haingoji akidi. Katiba yetu inairuhusu kamati kuamua jambo la dharura, nasi tuliamua, tukasafirisha masika yakianza ili mvua ioshe chumvi kwenye mizizi. Mimi nakaa Gede, silifichi hilo. Kiwanja si changu wala cha jamaa yangu, na mkataba uko kwa katibu, anayetaka asomewe. Nilipakia lori kwa mikono yangu na sikuondoka mpaka wavu wa kivuli ulipofungwa. Kufikia Julai miembe ilikuwa imetoa majani mapya mekundu, na miche iliyouzwa mwaka huu mingi ilitoka kule. Uamuzi ulikuwa sahihi, na ningeombwa kuamua tena ningeamua hivyo hivyo.

Fedha. Ada zilizokusanywa ni shilingi 100,600, mauzo ya miche 186,000, jumla 286,600. Kuhamisha kitalu pamoja na tangi, mipira ya maji na wavu 142,000, kodi ya mwaka 36,000, mlinzi 60,000, vifaa 18,500, jumla 256,500. Salio ni 30,100.

Salio hili dogo halikuletwa na Gede. Tuko wanachama 71. Waliomaliza ada ya mwaka ni 29. Waliobaki 42 wanadaiwa jumla ya 69,800, na ada yenyewe ni shilingi 200 kwa mwezi. Inauma kumsikia mtu ambaye hajalipa tangu Januari akiuliza kwa sauti kubwa pesa zimekwenda wapi. Naumia zaidi siku ya kazi ya pamoja, tukijikuta watu saba au wanane, wale wale, wengi wao wazee, huku vijana tuliowafunza kubebesha wakionekana tu siku ya kugawa miche. Anayefiwa au mwenye harusi tunamwelewa. Asiyetuma hata ujumbe wa simu hatumwelewi.

Mwaka ujao, inshallah, tunatarajia kufufua miasumini na milangilangi, kuongeza tangi jingine mfuko ukiruhusu, na kuzungumza na wenye mahoteli wapande mimea inayohimili ukame na chumvi badala ya nyasi zinazonyweshwa kutwa. Nauli ya kwenda kitaluni kamati itaitazama.

Hesabu kamili ziko mezani kwa mweka hazina, na kitabu cha ada kiko wazi kwa anayetaka kulipa leo kabla hajatoka.

Mwenyekiti