KUH: STIMA INAYOVUJA KATIKA JENGO MNALOSIMAMIA TUDOR, NA NILIVYODHALILISHWA OFISINI KWENU

Kwa Meneja,
Mombasa.

Bwana Meneja,

Salaam. Barua hii naileta mkononi mwako kwa sababu wanaopokea malalamiko kwa niaba yako walishanionyesha wanayafanyia nini.

Niliwawekea mezani soketi iliyoungua, plastiki imeyeyuka upande mmoja. Karani wako hakuigusa. Aliisukuma kwa ncha ya kalamu ikatumbukia kwenye pipa la taka, kisha akaniambia, wapangaji wenzangu wakisikia: "Mama, kama unaogopa stima, kanunue koroboi." Wenzake wakacheka.

Jioni ya kuamkia siku hiyo binti yangu alishikwa na stima bafuni. Mkono ulikuwa kwenye bomba, mwili umelowa, haachii na hawezi kupiga kelele. Mungu amjalie kheri jirani aliyekimbilia mein swichi. Ndiyo nikaja kwenu asubuhi, kabla hata sijapata usingizi.

Fundi niliyemwita kwa pesa yangu ana leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, na aliyoyakuta ameyaandika na kutia saini. Shawa ya umeme inayovuta zaidi ya ampea 20 imeunganishwa kwa waya wa taa, ule mwembamba wa milimita mraba 1.5. Soketi zina matundu matatu lakini waya wa athi, ule unaopeleka ardhini stima inayovuja, haukufika. Breka ya bafuni ilibadilishwa ikawekwa kubwa zaidi ili isikatike ovyo. Yaani waya uungue kwanza ndipo breka ishtuke. Ndani ya sanduku la breka kumeingia kutu, kama inavyokuwa kwa chuma chochote kinachopigwa na chumvi ya bahari bila kukaguliwa. Na kile kifaa kinachokata stima mara tu uvujaji unapofika miliampea 30, ambacho kingemwokoa mwanangu, hakipo jengo zima.

Kabla ya haya yote, tulipolalamikia harufu ya kuungua, mlituletea kijana akazungushia nyaya tepu nyeusi. Nilipomuuliza leseni alisema niulize ofisini. Nikauliza. Hadi leo sijajibiwa. Sheria ya Kawi ya 2019 hairuhusu asiye na leseni kushika kazi hiyo, na Kifungu cha 46 cha Katiba kinanilinda mimi mlipaji, afya yangu na usalama wangu. Haya mnayajua kuliko mimi.

Mwenye jengo, mnavyopenda kutukumbusha, anaishi Uingereza. Huko aliko, kanuni za mwaka 2020 zinamtaka anayepangisha nyumba amlete mkaguzi aliyehitimu angalau kila miaka 5, na mpangaji apewe nakala ya ripoti ndani ya siku 28. Penye hatari parekebishwe ndani ya siku 28, au mapema zaidi mkaguzi akisema. Akikaidi, anatozwa faini ya maelfu ya pauni. Sisemi sheria ya huko inatawala Tudor. Nasema anajua nyumba salama inavyotakiwa kuwa, na stima inayomshika mtoto aliyelowa ni ileile huko na huku.

Nanyi mlinijibu koroboi! Nataka ulielewe hili, Bwana Meneja. Nilisimama pale na buibui langu, macho yamevimba, nikasema, "Mwanangu nusura afe." Kabla sijamaliza, kalamu ikatoka mfukoni, soketi ikasukumwa taratibu hadi ukingoni mwa meza, ikaanguka. Mzee mmoja aliyekuja kulipa kodi akainamisha kichwa kwa aibu, aibu isiyokuwa yake. Kisha ndiyo nikaambiwa hayo ya koroboi, na kicheko kikanifuata mpaka kwenye ngazi. Hakuna aliyeuliza mtoto yu hai.

Siku ile nilitaka jambo moja tu, mtume fundi. Sasa nataka mkaguzi mwenye leseni apime jengo zima, si nyumba yangu peke yake, na kila mpangaji apewe nakala ya ripoti. Nataka nyaya za bafu zibadilishwe na athi ifike kila soketi. Nirudishiwe gharama za fundi na za hospitali, risiti zimeambatishwa. Na karani wako aniombe radhi kwa maandishi, yabandikwe pale pale mapokezi aliponitukania.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Nikifikiria watoto wa ghorofa ya juu wanaooga kwa shawa hizo hizo kila jioni, naona ni nyingi mno. Shawa zote zikatwe stima leo. Kazi nyingine ianze ndani ya siku 7. Zikipita, ripoti ya fundi na picha zitafika kwa Mamlaka, kwa wakili na kwa mwenye jengo mwenyewe. Wapangaji wa ngazi yetu wameshatia saini. Na mkithubutu kumpa yeyote kati yetu notisi ya kuhama kwa sababu ya barua hii, tutakutana mahakamani.

Namba yangu ya simu mnayo.

Mpangaji wenu,
Ghorofa ya pili, Tudor.