Wazee wenzangu, tuingie jikoni

Mhariri, naomba nafasi kidogo niseme la moyoni. Tangu nistaafu ualimu hapa Kigoma watu wananiuliza nashinda nafanya nini, jamani napika! Na raha yake sijui niielezeje, asubuhi napita mwaloni Kibirizi, pale wavuvi wanaposhusha samaki, nachagua mgebuka, samaki wetu wa Ziwa Tanganyika, ambaye jicho bado linang'aa, nikirudi nakaanga kitunguu kwenye mawese mpaka kinukie ndo natia nyanya, chumvi, ndimu na samaki, moto mdogo tu na sikorogi maana atavunjika. Wajukuu wakisikia harufu wanakuja wenyewe na sahani. Wanaume wenzangu mliostaafu msiwaachie kina mama jiko peke yao. Na nyie gazetini tuwekeeni basi kona ya mapishi ya kwetu, hata mara moja kwa wiki.

Babu mstaafu, Kigoma