Barua kwa mwanangu: kabla hujauchukua ule mkopo

Newala, 13 Julai 2025

Mwanangu,

Marahaba. Shikamoo yako ya jana nimeipokea. Huku wazima. Bibi yako jicho la kulia sasa anaona vizuri, la kushoto bado anasema lina ukungu.

Naandika kwa sababu kwenye simu nisingeweza. Mama yako akisikia ni wewe anawasha spika, na hili si la spika. Jana uliposema, "Baba, kuna mkopo wa haraka naufuatilia, nisije nikakikosa kiwanja," nikakwambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika. Nilitoka nje kutafuta la kukujibu, sikulipata, na ulipopiga tena nikakuuliza habari za baridi.

Sasa nakuuliza kwa maandishi. Umeshauchukua?

Kama bado, usiuchukue.

Hesabu uliyonitajia nimeiandika nyuma ya karatasi ya salfa, ile dawa ya mikorosho. Wanakupa milioni moja na nusu, unarudisha laki moja na nusu kila wiki kwa wiki 14. Nimezidisha mara mbili nikidhani nimekosea. Ni milioni mbili na laki moja. Yaani laki sita juu, kwa miezi mitatu na siku chache tu. Na kwa mwezi zinakutoka laki sita. Mshahara unaoingia mkononi mwako naujua. Utakula nini? Daladala utapanda kwa nini? Nyumba hii mhasibu ni wewe, mimi nimeishia darasa la saba. Hesabu kama hii ilikuwaje niione mimi wewe usiione? Au uliiona ukaamua kufumba macho? Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Na hao wakopeshaji wa kwenye simu ukichelewa siku mbili wanawatumia ujumbe watu wote waliomo kwenye simu yako. Binti wa jirani yetu wa bondeni walimtumia hadi imamu. Ndiyo hiyo inaitwa kausha damu, na waliolipachika jina hilo ndio waliokauka.

Ile karatasi ya malengo uliyoniandikia Januari ninayo, nimeiweka kwenye bahasha ya hati ya shamba. Jana usiku nimeisoma tena kwa tochi. Mitihani ya Bodi ya uhasibu, masomo manne Mei. Kiwanja Chanika, milioni tatu kabla ya Desemba. Elfu hamsini nyumbani kila mwezi. Kozi ya kompyuta. Mazoezi. Nilifurahi sana siku ile, na furaha yangu nadhani ilikuponza, maana kuanzia hapo pale kwenye baraza la chama cha msingi sikuwa na habari nyingine. Binti yangu anajenga Dar. Wewe ulisema utanunua kiwanja, mimi nikasema unajenga. Watu wakikutania ukija, ujue imetoka kwangu.

Umesema mwaka umekushinda kwa sababu kiwanja kina laki tisa tu na Bodi umefanya masomo mawili badala ya manne. Hebu tuhesabu pamoja. Machi nilikupigia usiku kuhusu macho ya bibi yako, kesho yake asubuhi zikaingia laki nne, na hukuniuliza hata swali moja. Laki nne hizo hazimo popote kwenye ile karatasi. Mwenye nyumba wako akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nayo haimo. Aliyeiandika karatasi Januari alikuwa hajaiona Machi. Wewe umeiona. Kwa nini basi bado unamtii yule wa Januari?

Huku nasi tuko kwenye jambo hilohilo. Msimu uliopita korosho ilivuka 4,000 kwa kilo mnadani, na kila mtu hapa akaanza mwaka akipangia maisha bei hiyo, wakati maua yenyewe yalikuwa hayajatoka. Mimi nilipanga kupuliza mikorosho yote 120. Salfa ya ruzuku nilitegemea mifuko sita, nimepata minne. Mifuko minne ni kilo 100. Mkorosho mkubwa unakula robo kilo kwa mpulizo mmoja, na mipulizo ni mitano, kila baada ya siku 14, la sivyo ugonjwa wa ubwiriunga unarudi na kuyapaka maua ule unga wake mweupe mpaka yakauke mtini. Kwa miti 120 natumia kilo 30 kila mpulizo. Mpulizo wa tatu ukiisha nimebaki na kilo kumi, na maua ya mwisho hayajafunga.

Kaka yako alitaka tupunguze kipimo ili kila mti upate chochote. Nikamkatalia. Ukipuliza kidogo kidogo dawa imekwenda na ugonjwa umebaki. Kilo 100 ni miti 80 kwa mipulizo yote mitano, imekamilika. Nikachukua kanga ya mama yako iliyochakaa, nikaichana vipande, nikazunguka shamba siku mbili. Mti wenye machipukizi mengi na majani safi naufunga kipande. Mti uliochoka naupita. Ule mkubwa wa kando ya njia, aliopanda babu yako, nimesimama chini yake hadi jua likawa kali. Nimeupita nao. Februari nitaupogoa, na ile mingine iliyozeeka kabisa nitaikata niibebeshe vikonyo vya mbegu mpya za kituo cha utafiti cha Naliendele. Haijafa. Mwaka huu haipati dawa, basi.

Mpulizo wa kwanza tumeshaupiga. Saa kumi na moja alfajiri, umande bado upo kwenye majani, kusi haijaanza kuvuma. Salfa inakaa vizuri sana kwenye jani lenye umande.

Sikwenda kukopa mifuko miwili iliyopungua. Yupo mtu anauza hapa Newala, tena kwa maneno matamu, unalipa korosho zikivunwa. Zamani ningemkimbilia.

Sasa hili ndilo lililofanya nisipige simu.

Mwaka 2018 unaukumbuka, ulikuwa umeingia kidato cha tano, sina haja ya kukusimulia. Agosti ile nilimuuzia mtu kangomba, yaani kwa siri nje ya mnada, kilo 300, zikiwa bado maua, kwa 1,200. Ilipofika Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua korosho kwa 3,300, na jeshi likaja kusomba. Wengi walisubiri malipo muda mrefu, hilo ni kweli, lakini kilichokuwa kinasubiriwa kilikuwa chao. Changu kilikuwa ghalani kwa mwingine. Laki sita na elfu thelathini zilipita mbele ya macho yangu. Mama yako akauza mbuzi wake wawili.

Siku zote mmeambiwa niliuza ili upate godoro na sanduku la shule. Godoro na sanduku vilitokana na mbaazi, mwanangu. Fedha ya kangomba ilinunua bati. Nilikuwa nimetamka mbele ya shemeji zangu mwanzoni mwa mwaka kwamba kufikia Septemba nyumba itakuwa na bati, na Agosti nikaona Septemba inanifuata. Hakuna aliyekuwa ananidai lile bati. Mama yako anajua kuhusu kangomba, kuhusu godoro anaamini unavyoamini wewe. Nitamwambia mwenyewe, usinitangulie.

Kwa hiyo kama ndani ya moyo wako unahesabu kwamba kuna korosho ziliuzwa kwa hasara kwa ajili yako na lazima uzirudishe kwa kiwanja na kwa elfu hamsini za kila mwezi, futa. Haukuwa mzigo wako. Niliuacha mabegani kwako kwa sababu ulinipunguzia aibu.

Ninachokuomba ni hiki. Karatasi ya Januari usiichane. Chukua kalamu ya rangi nyingine, pembeni ya kila lengo andika la Julai. Bodi ndiyo ifungie kanga. Novemba kuna mitihani tena, yale masomo mawili yaliyobaki yapate muda wako wote wa jioni na Jumamosi. Kiwanja kiende mwakani. Dalali amekwambia kuna mteja mwingine anakuja na fedha taslimu? Aje. Madalali wote wana mteja mwingine. Chanika haihami. Laki tisa yako iache benki, na kama ukiweza kuongeza elfu thelathini kwa mwezi badala ya laki mbili na nusu ulizoandika, ongeza hiyo thelathini na uiheshimu. Kozi ya kompyuta sijui, amua wewe. Mazoezi usiyaache, sauti yako jana ilikuwa ya mtu asiyelala.

Na elfu hamsini ya nyumbani isimame mpaka Desemba. Mama yako nitamweleza. Chumvi na sabuni tunapata, ufuta umetulipa kidogo mwezi uliopita.

Ila usielewe kwamba nakwambia ulegee. Ulianza mwaka ukiamka saa kumi kusoma, na Aprili ukaniambia umeanza kuangalia tamthilia mpaka usiku wa manane. Hilo halikuletwa na macho ya bibi. Nalisema kwa sababu naona ukijilaumu kwa yasiyokuhusu halafu hili unaliruka.

Kisima cha kuvunia maji kimepata ufa upande wa jikoni. Maji ya masika yameshashuka chini ya nusu na huku unajua maji ya kununua yalivyo ghali ikifika Septemba. Fundi ametaka mifuko miwili ya saruji. Nilikuwa nataka kukuomba, kalamu ikasita. Usitume. Kaka yako ana jogoo wanne, tutaanzia hapo.

Mdogo wako yuko kidato cha nne, mitihani ni Novemba kama wewe. Anasema anataka PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, hisabati anaichukia. Mpigie uongee naye, mimi ananiitikia tu. Bibi yako anauliza utakuja lini, nimemwambia Desemba. Shangazi yako wa Masasi ana harusi, watakutafuta kwa mchango; waambie wazi una kiasi gani, wasikupangie.

Barua hii anakuja nayo mama wa nyumba ya tatu, anakwenda Dar kwa mwanawe. Amebeba na kifurushi chako. Kuna ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, ichemshe mapema isije ikaharibika, na korosho kilo mbili alizobangua mama yako kwa mkono, moja kati ya hizo ni ya mwenye nyumba wako ili apunguze ukali. Ndoo ya kifurushi tunaihitaji, mrudishie huyohuyo mama.

Alhamisi nitakuwa macho mpaka saa nne usiku, mama yako atakuwa ameshalala. Nipigie. Kama hujauchukua, niambie. Kama umeshauchukua, niambie vilevile, na uniambie kiasi ulichokwisha kutumia, maana kilichobaki huenda kikarudishwa mapema. Sitapandisha sauti.

Baba yako